VVVVVV: gemu isiyojua kuruka

Gemu nyingi za pembeni, zile ambazo mhusika anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia akikwepa mashimo na miiba, zimejengwa juu ya kitufe kimoja: cha kuruka. VVVVVV haina kitufe hicho. Nahodha Viridian, kikatuni cha rangi ya samawati chenye tabasamu la kijinga, hawezi kuruka hata kimo cha tofali. Anachoweza ni kugeuza mvutano. Ukibonyeza, anaangukia juu, anatua darini na kuendelea kutembea kichwa chini miguu juu. Ukibonyeza tena, anarudi sakafuni. Akiwa hewani hawezi kugeuza. Lazima kwanza miguu iguse kitu.

Mafunzo yameishia hapo. Kuna kushoto, kulia na kugeuza, na hakuna kingine kitakachoongezwa hadi mwisho wa gemu: hakuna silaha, hakuna nguvu mpya, hakuna duka. Ugumu wote, na karibu mzaha wote, unatokana na kile kilichoondolewa.

Gemu hii ilitoka Januari 2010 kwa kompyuta za Windows na Mac. Aliyeitengeneza ni Terry Cavanagh wa Ireland, na muziki ni wa Magnus Pålsson, anayejulikana pia kwa jina la SoulEye. Sura yake inakumbusha kompyuta ya Commodore 64 ya miaka ya 1980: picha ya pikseli 320 kwa 240, rangi chache zinazowaka, na skrini zinazobadilika moja baada ya nyingine badala ya kuteleza. Kila chumba kina jina lake chini ya skrini, desturi ya gemu za zamani kama Jet Set Willy ya 1984. Majina hayo yalitungwa na Bennett Foddy, yuleyule aliyetengeneza QWOP, gemu ya kukimbia yenye sifa ya ugumu, na mengi ni vijembe kwa mchezaji. Ukifa mara thelathini mahali pamoja huku jina la chumba likikucheka, utaelewa kwa nini kazi hiyo alipewa yeye.

Hadithi inaelezwa kwa dakika moja. Meli ya angani D.S.S. Souleye inakumbwa na hitilafu, wafanyakazi wanakimbilia mtambo wa kuhamisha watu, na kila mmoja anajikuta peke yake mahali asipopajua. Viridian ana kazi ya kuwatafuta wenzake watano: Violet, Vitellary, Vermilion, Verdigris na Victoria. Majina yote yanaanza na V, mabaharia wote ni sita, na jina la gemu lina V sita ambazo ukizitazama vizuri ni safu ya miiba. Mazungumzo ni mafupi na ya kirafiki, na hayakulazimishi kusoma kurasa. Victoria ana huzuni muda wote. Mhusika akihuzunika, tabasamu lake linapinduka tu, na kwa pikseli chache hizo unamwonea huruma kweli.

Tukija kwenye vidole. Toleo la kompyuta linakubali mishale ya kibodi kwa kutembea, na nafasi, Z au V kwa kugeuza. Viridian haanzi kwenda wala hasimami papo hapo. Kasi yake ya juu ni pikseli 6 kwa kila fremu, yaani kila picha moja kati ya kama 30 zinazopita kwa sekunde, na ukiachia mshale anaendelea kuteleza kwa muda mfupi, umbali wa karibu vigae viwili vya pikseli 8. Hapo ndipo wageni wengi wanapofia saa ya kwanza: wanaachia mshale wakiwa ukingoni, mwili unateleza, miiba inapokea. Dawa yake ni kuachia mapema, au kugusa mshale wa upande wa pili kwa kidokezo kimoja ili kuvunja mtelezo. Ukiushikilia mshale huo wa pili, utarudi nyuma na kufa upande mwingine.

Wima mambo ni tofauti. Kasi ya kuanguka ina kikomo cha pikseli 10 kwa fremu, iwe unaanguka juu au chini, na kikomo hicho kinafikiwa haraka. Kwa hiyo skrini nzima yenye kimo cha pikseli 240 inapitwa kwa kama fremu 24, yaani chini ya sekunde moja. Mwendo huo haubadiliki. Ukishaujua, unaacha kukisia na kuanza kuhesabu kama mpiga ngoma: mpigo wa kwanza kushoto, wa pili achia, wa tatu kulia.

Kuna ukarimu uliofichwa ambao gemu haikuambii. Ukibonyeza kugeuza mapema kidogo kabla ya kutua, kama fremu tano, amri inahifadhiwa na kutekelezwa mguu ukigusa. Na eneo la miiba linaloua ni dogo kuliko mchoro wa miiba wenyewe, hivyo unaweza kupita karibu sana na ncha ukabaki mzima. Usijaribu kuchelewa kwa makusudi, ila ujue kwamba ukifa hapa karibu kila mara kosa ni lako, na ukipona kimiujiza mara nyingi si muujiza.

Kufa kwenyewe hakuna gharama. Hakuna idadi ya maisha, hakuna kurudishwa mwanzo wa hatua. Vituo vyenye herufi C vimetapakaa, mara nyingi kimoja kila chumba, na baada ya kifo unasimama tena kwenye kituo cha mwisho ndani ya kama sekunde moja. Gemu inahesabu vifo vyako na kukuonyesha mwishoni, lakini haikuadhibu. Usawa huu ndio unaoifanya iwe ngumu bila kuwa katili. Gemu nyingi za zamani zilikuwa ngumu kwa sababu zilikurudisha mbali. Hii ni ngumu kwa sababu jambo lililo mbele yako ni gumu. Mgeni atamaliza hadithi kwa saa mbili hadi tatu hivi, na hesabu ya vifo kupita mia kadhaa ni jambo la kawaida.

Baada ya utangulizi, ulimwengu unafunguka. Ramani ina gridi ya vyumba 20 kwa 20, na unaweza kwenda upande wowote, kutafuta maeneo yenye wenzako kwa mpangilio unaoutaka. Kila eneo linachukua wazo moja na kulikamua hadi tone la mwisho. Katika Mnara skrini inapanda yenyewe, ina miiba juu na chini, kwa hiyo ukichelewa unachomwa na ukiwahi sana unachomwa vilevile. Hapo usitazame mwili wako, tazama nusu ya juu ya skrini, maana kinachokuja kinatoka huko. Eneo la Warp Zone linaunganisha kingo za skrini: ukitoka kulia unaingia kushoto, ukiangukia juu unatokea chini. Kosa la kawaida ni kutafuta mlango ambao haupo. Angalia kwanza ni kingo zipi zinaungana, zile za pembeni au za juu na chini, kisha fuata njia kana kwamba skrini imekunjwa kama bomba. Kwenye eneo la Laboratory utakutana na mistari inayokugeuza yenyewe ukiigusa. Mistari hii hufanya kazi ya kitufe bila kukuomba ruhusa, na wanaokufa hapo ni wale wanaoendelea kubonyeza kwa mazoea. Ondoa kidole kwenye kitufe, shughulika na kushoto na kulia tu.

Maadui wanastahili sentensi yao. Si majini wala wanyama. Kuna chumba ambamo neno LIES linatoka ukutani na kupita kama risasi. Mahali pengine kuna tembo. Ni mkubwa hata hatoshi skrini moja, amechorwa kwa mistari inayobadilika rangi, hafanyi lolote, wala gemu haisemi kwa nini yuko pale. Ukimkaribia, Viridian anahuzunika. Ndivyo ilivyo.

Sasa vito. Viko 20, vinang'aa, na si lazima uvichukue ili umalize hadithi. Vingi viko mbali na njia kuu, vichache vinahitaji akili kuliko vidole. Chumba kinachoitwa Prize for the Reckless, kwa mfano, kinakutaka ukubali kufa kama sehemu ya suluhisho. Ukichezea kwa tahadhari kama kwingineko hutakipata kito hicho. Lakini kinachozungumzwa zaidi ni kito cha Veni, Vidi, Vici.

Kito hiki kiko mbele yako kabisa, upande wa pili wa kitofali kifupi ambacho mhusika wa gemu nyingine yoyote angekiruka bila kufikiri. Viridian haruki. Njia pekee ni kugeuza mvutano, kuangukia juu kupitia mfululizo wa skrini zilizojaa miiba pande zote, kufika kileleni, kugeuza tena, na kushuka skrini zilezile kwa mpangilio wa kinyume hadi utue upande wa pili wa kitofali. Umbali halisi kati ya ulipoanza na ulipomalizia unaweza kuufunika kwa kidole. Hakuna kituo cha C njiani. Ukichomwa popote, unarudi chini. Kama kuna mahali gemu hii inaeleza nafsi yake, ni hapa.

Linafanyika hivi. Kwanza, usijaribu safari nzima. Jaribu kupanda tu, mara kumi, ishirini, hadi skrini ya kwanza na ya pili zipite bila kuwaza. Kwa kuwa kila skrini inapita chini ya sekunde moja, macho hayana muda wa kuona na kuamua. Lazima uwe unajua kabla hujaingia. Gawanya kila skrini katika vitendo viwili au vitatu na uvipe majina kichwani: kushoto kwa muda mrefu, gusa kulia, achia. Pili, kinachoua wengi si kona kali bali mtelezo wa skrini iliyotangulia. Ukiingia skrini mpya bado unateleza kushoto, mahesabu yote yamekwisha kuharibika. Sahihisha mwili kabla ya kuvuka ukingo. Tatu, kushuka ni njia ileile lakini vidole havijui hivyo, kwa sababu zamu za kushoto na kulia zinakuja kwa mpangilio wa nyuma. Tenga muda wa kujifunza kushuka kama kitu kipya. Nne, pumzika. Baada ya dakika kumi na tano mikono inaanza kuwahi, na kuwahi ndiko kunakoua. Ukitumia pedi ya kuchezea gemu, tumia vitufe vya msalaba badala ya kijiti cha analogi, kwa sababu kijiti kinachelewa kurudi katikati.

Si kila kitu kimekaa vizuri. Katikati ya safari kuna kipande ambacho mmoja wa wenzako anakufuata ukiwa na kazi ya kumvusha salama. Kanuni yake ni nzuri kwa maelezo: ukisimama sakafuni anakujia, ukisimama darini anatulia na kukusubiri. Kwa vitendo, unategemea miguu ya mtu mwingine katika gemu ambayo raha yake yote ni kudhibiti miguu yako mwenyewe. Kinapita haraka, na ni heri. Kipande kinachofanana nacho kwa nafasi, kile cha Gravitron, ni bora mara kumi: unadundishwa juu na chini kati ya mistari miwili bila kitufe, kazi yako ni kushoto na kulia tu, vitu vinatoka pembeni, na unatakiwa kudumu sekunde 60.

Ramani ya nje nayo ina sehemu tupu. Kati ya eneo moja na jingine kuna vyumba vya kupita tu, na mtu aliyekosa mtambo wa kuhamisha anaweza kuzunguka dakika kumi bila kukutana na wazo jipya. Fungua ramani kwa Enter mara kwa mara na ujaze vipande vyeusi vilivyoshikana na vyumba ulivyokwisha kuona.

Kuhifadhi kunahitaji uangalifu kidogo. Kuna hifadhi mbili tofauti: moja inajiandika unapotumia mtambo wa kuhamisha, nyingine unaiandika mwenyewe kutoka menyu ya ramani. Ya pili haihifadhi mahali uliposimama bali kituo cha C cha mwisho ulichogusa. Ukirudi baada ya siku kadhaa na kuchagua ile ya zamani kati ya hizo mbili, utadhani vito vimepotea. Soma saa na idadi ya vito kwenye kila moja kabla ya kuendelea.

Kuhusu muziki, ungeweza kuununua hata kama hupendi gemu. Albamu inaitwa PPPPPP na majina ya nyimbo zake yanaanza na P. Ni sauti za chipu za zamani zenye midundo ya haraka, na hazichoshi, jambo la lazima katika gemu ambayo utausikia wimbo uleule ukifa mara hamsini. Wimbo haukatwi unapokufa. Unaendelea, nawe unaingia tena katikati ya mdundo, na hiyo inachangia zaidi ya inavyodhaniwa kukuzuia usikate tamaa. Wa Mnara, Positive Force, ndio wa kuanzia.

Uinunue kwa kifaa gani? Kompyuta, bila kusita. Toleo la kwanza liliandikwa kwa Flash. Mwaka 2011 likaandikwa upya kwa lugha ya programu ya C++ na kuongezewa kihariri cha kutengeneza hatua zako mwenyewe. Januari 2020, gemu ilipotimiza miaka kumi, msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, ukawekwa wazi. Wataalamu walicheka walipokuta hali za gemu zimepewa namba, nyingine zikipita 3000, ndani ya swichi (amri ya kuchagua kati ya hali) moja ndefu isiyoisha. Lakini uwazi huo ndio uliozaa matoleo ya 2.3 na 2.4 yenye marekebisho ya maana. Mashine yoyote ya kompyuta itaibeba. Ukiona mwendo wa picha unakatakata, ni kwa sababu gemu ya asili inaenda kama fremu 30 kwa sekunde. Toleo la 2.3 na kuendelea lina chaguo la kuzidisha fremu, na hilo linalainisha picha bila kugusa mahesabu ya mwendo. Ukiona kitufe kinachelewa, angalia kwanza kama chaguo la kuchelewesha amri kwa fremu moja limewashwa. Liliwekwa kwa wanaotaka hisia za matoleo ya zamani, wewe lizime. Ukichezea kwenye televisheni, washa hali ya gemu ya televisheni yenyewe. Veni, Vidi, Vici haivumilii televisheni inayosafisha picha kwanza.

Nintendo Switch ni mbadala mzuri. Nintendo 3DS nayo ilikuwa hivyo, na skrini yake ya chini inafaa sana kwa ramani, lakini duka lake la mtandaoni lilifungwa mwaka 2023. Simu ni shughuli nyingine. Unatelezesha kidole gumba kushoto ili kutembea na kugonga kulia ili kugeuza. Kwa hadithi inatosha. Kwa vito vigumu, kidole kinasogea taratibu bila wewe kujua, kitovu cha mwendo kinahama, na ghafla Viridian anaenda upande usioutaka. Inua kidole gumba kabisa kila unapofika kwenye kituo cha C ili kitovu kianze upya.

Kwa anayetaka kujaribu kwanza, toleo la Make and Play ni la bure: halina hadithi kuu, bali kihariri na hatua zilizotengenezwa na wachezaji. Tahadhari tu kwamba hatua nyingi za wachezaji zimetengenezwa na watu waliokwisha kuzoea, na ugumu wake si kipimo cha gemu yenyewe.

Na kwa asiyetaka kuteseka, menyu ya chaguo ina kupunguza mwendo hadi asilimia 80, 60 au 40, pamoja na kutokufa kabisa. Hakuna aibu wala dhihaka ndani yake. Gharama ni moja: mashindano ya muda na hali ya kumaliza gemu nzima kwa uhai mmoja hazifunguki ukiwa umewasha misaada hiyo. Asilimia 80 inatosha kumfundisha mtu mpya Mnara bila kumwondolea raha.

Hadithi ikiisha, kilichobaki ni kwa wakaidi. Flip Mode inapindua gemu nzima juu chini, na utashangaa jinsi vidole vinavyosahau kila kitu. Mashindano ya muda ni sita. Kila moja lina masharti matatu: usife, chukua vito vyote vya eneo, maliza ndani ya muda. Ukitimiza mawili unapata daraja la S, matatu unapata V. Space Station 1 lina muda wa dakika 1 na sekunde 15, na hilo ndilo la kuanzia. Laboratory lina dakika 2 na sekunde 45 na vito vinne, na hapo ndipo mpango wa njia unapoamua zaidi ya kasi. S nne zinafungua No Death Mode, ambayo ni gemu nzima kwa uhai mmoja. Vito si lazima humo, kwa hiyo ukifika karibu na kile kitofali, pita.

Vito vyote 20 vinafungua maabara ya siri, na ndani yake Super Gravitron: ile ile ya kudundishwa kati ya mistari miwili, sasa ya haraka na isiyosamehe. Medali zinatolewa kwa sekunde 5, 10, 15, 20, 30 na 60. Sekunde 5 utazipata jaribio la kwanza. Baada ya 20, acha kukwepa vitu kimoja kimoja. Kaa katikati ya skrini, soma vinavyoingia kutoka pande zote mbili, na songa kwa miguso mifupi, maana anayekimbilia ukingoni anakutana na kinachoingia kabla hajakiona.